Bareti na Kioo: Namna Katanga Ilivyojifunza Kusoma Kompyuta za Wageni

Mwaka 2005, nchi ambayo haikuwa imehesabu watu wake tangu sensa ya 1984 iliamua kuwaandikisha kwa kompyuta. Tume Huru ya Uchaguzi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, chini ya padri Apollinaire Malumalu, ilipokea takribani seti 10,000 kutoka kampuni ya Zetes ya Ubelgiji. Ndani ya kila seti mlikuwa na laptopu, kamera, kisomeo cha alama za vidole, printa na jenereta ndogo, ile ambayo Wakongo huiita grupu. Zilisafiri kwa ndege, kwa malori na kwa mitumbwi. Kazi ilipokwisha, zilikuwa zimeandika majina zaidi ya milioni 25.

Teritware ya Mitwaba, katika jimbo la wakati huo la Katanga, nayo ilikuwa kwenye orodha. Mji wa Mitwaba uko karibu moja kwa moja kaskazini mwa Lubumbashi, kama kilomita 330 ukipima kwa mstari ulionyooka, na barabara ya kupitia Likasi huifanya safari kuwa ndefu zaidi ya hapo. Wakati ule Mitwaba, Manono na Pweto ziliitwa pembetatu ya mauti. Wapiganaji wa Mai-Mai waliokuwa chini ya Gédéon Kyungu Mutanga walikuwa wakipambana na jeshi, vijiji vikachomwa, na makumi ya maelfu ya watu wakakimbia makwao. Gédéon alijisalimisha kwa majeshi ya Umoja wa Mataifa hapohapo Mitwaba mwezi Mei 2006, na tarehe 30 Julai watu wakapiga kura.

Kwa wengi wa sehemu hizo, laptopu ile ilikuwa kompyuta ya kwanza kuketi mbele yake. Mtu aliweka kidole kwenye kioo kidogo, akaitazama kamera, sura yake ikatokea kwenye kioo kikubwa, kisha akapewa kadi. Kwa kuwa serikali ilikuwa imeacha kutoa vitambulisho vya taifa kwa miaka mingi, kadi hiyo ya mpiga kura ndiyo iliyogeuka kitambulisho cha Mkongo: benki wanaitaka, barabarani wanaitaka, shuleni wanaitaka. Katika historia ya kompyuta Kongo, sijui kama kuna tukio lililogusa watu wengi kuliko hilo.

Hata hivyo, mashine za tume zilikuja mpya, zikiwa na waendeshaji waliofundishwa kuzitumia. Kompyuta ambazo Katanga ilijifunzia kazi hazikuja hivyo. Zilikuja zimechoka, zimetumika miaka mitano au saba katika ofisi za Ubelgiji na Ufaransa, bila kitabu, bila diski za programu, na bila mtu wa kueleza zina nini ndani. Kwa Kiswahili cha mjini hizo ni mali ya okazioni. Fundi wa Lubumbashi aliyeletewa mashine ya namna hiyo alikuwa na maswali mawili kabla ya mengine yote: ina kumbukumbu kiasi gani, na kioo chake kinakubali nini? Historia ya ufundi huo imo katika maswali hayo mawili, na ni historia inayostahili kuandikwa kwa Kiswahili, maana kwa sehemu kubwa ilifanywa na watu waliokuwa wakizungumza Kiswahili huku menyu za mashine zikiwa kwa Kifaransa.

Kumbukumbu inayosemwa hapa ni ile ya kufanyia kazi, inayofutika umeme ukikatika. Diski ni kitu kingine: yenyewe hutunza. Kiswahili huziita zote mbili kumbukumbu, na mkanganyiko huo umewatesa wanafunzi wengi. Mafundi wa Kongo waliukwepa kwa kuchukua neno la Kifaransa na kulilainisha: kile kibao chembamba chenye chipu nyeusi ni bareti. Mtu akisema "ongeza bareti", hakuna atakayedhani anataka diski.

Kumbukumbu na kioo zilikuwa majirani wa ukuta mmoja tangu mwanzo. IBM ilipotoa kompyuta yake ya mezani tarehe 12 Agosti 1981, iliiwekea chipu ya Intel 8088, ambayo iliweza kufikia vyumba 1,048,576 tu vya kumbukumbu, kila chumba baiti moja. Wahandisi waligawa nyumba hiyo. Sehemu ya chini, kilobaiti 640, wakawapa watumiaji na programu zao. Sehemu ya juu, kilobaiti 384, wakaiweka kwa ajili ya kadi ya kioo na programu za kudumu za mashine yenyewe. Kilichoandikwa katika vyumba vya kioo ndicho kilichoonekana kiooni. Ukurasa wa maandishi ulikuwa na mistari 25 ya herufi 80, yaani herufi 2,000. Kila herufi ilichukua baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi yake. Ukurasa mzima ukawa baiti 4,000.

Mpaka huo wa 640 ulikaa miaka mingi kuliko walioupanga walivyotarajia. Hadi miaka ya 1990, mtu aliyeketi mbele ya mashine ya DOS asiyoijua aliandika amri ya kukagua diski, CHKDSK, na mwisho wa majibu akasoma jumla ya kumbukumbu: 655,360. Hiyo ni 640 mara 1,024. Hata mashine yenye megabaiti nne ilitoa jibu hilohilo, na asiyejua aliondoka akiamini amenunua mashine dhaifu. Amri ya MEM, iliyokuja na DOS toleo la 4 mwaka 1988, ndiyo iliyoanza kusema ukweli wote: kiasi gani kiko chini ya mpaka, kiasi gani kiko juu yake, na nani anakikalia.

Katanga ilikuwa na kikwazo kingine. Kibodi zilizotoka Ubelgiji na Ufaransa zina mpangilio wa AZERTY, ambapo herufi M iko kulia kwa L. Mashine ikiwashwa kabla ya kuambiwa lugha ya kibodi yake, huichukulia kuwa ya Kimarekani. Kwa hiyo ukibonyeza M, E, M, kioo kinaandika nukta-mkato, E, nukta-mkato, kisha kinasema amri hiyo hakiijui. Ili kupata neno MEM ilibidi kubonyeza mkato, E, mkato. Kulikuwa na tofauti hata kati ya majirani wawili wa Ulaya: alama ya barua pepe iko juu ya kitufe cha 2 kwenye kibodi ya Ubelgiji, na juu ya kitufe cha 0 kwenye ile ya Ufaransa. Kabla ya kuuliza mashine ina kumbukumbu kiasi gani, fundi alilazimika kwanza kutambua imetoka nchi gani.

Ndiyo maana macho na masikio yalitangulia vidole. Mashine ya zamani ikiwashwa huhesabu kumbukumbu yake mbele ya mtu, namba zikikimbia pembeni mwa kioo cheusi hadi zinasimama. Fundi alizoea kutazama pale. Zikisimama nusu ya alichotarajia, bareti moja haikukaa sawa. Kioo kikibaki giza, alisikiliza: katika mashine nyingi za IBM na zile zenye biosi (programu ya kudumu inayoiamsha mashine) ya Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na mifupi miwili ulimaanisha kadi ya kioo ina tatizo, na mlio mrefu uliojirudia bila kukoma, kwenye biosi hiyo ya Award, ulielekeza kwenye kumbukumbu. Dawa ya kwanza ilikuwa kifutio cha mwanafunzi. Bareti ilichomolewa, miguu yake ikasuguliwa kwa kifutio mpaka ikang'aa, vumbi likapulizwa, ikarudishwa. Katika mji ambao nusu ya mwaka ni vumbi jekundu, kifutio hicho kilifufua kompyuta nyingi.

Bareti zenyewe zilikuwa na tabia zao. Zile za miguu 72, za mashine za kwanza za Pentium, zilitaka kuwekwa mbili mbili zinazofanana. Moja peke yake haikuhesabiwa kabisa. Zile za miguu 168 zilizofuata ziliweza kukaa moja moja. Aliyejua tofauti hiyo hakupoteza fedha za mteja kununua bareti isiyo na mwenzake.

Kuhusu kioo, hesabu ilikuwa ngumu kidogo lakini ya haki. Picha ya kompyuta ni nukta zilizopangwa kwa mistari, na kila nukta inadai nafasi yake katika kumbukumbu ya kadi. Kiwango cha VGA, kilichotolewa na IBM mwaka 1987, kilikuwa na kilobaiti 256. Picha ya nukta 640 kwa 480 yenye rangi 16 hudai baiti 153,600, basi inatosha na kubaki. Tuseme sasa imeletwa mezani kompyuta ya katikati ya miaka ya 1990 yenye kadi ya megabaiti moja. Mwenyewe anataka picha pana, nukta 1,024 kwa 768. Kwa rangi 256, kila nukta baiti moja, hiyo ni 786,432, inaingia. Akitaka rangi 65,536, kila nukta inataka baiti mbili, na jumla inakuwa 1,572,864: haiingii. Achague basi. Picha pana yenye rangi chache, au picha ya 800 kwa 600 yenye rangi nyingi, ambayo inadai baiti 960,000. Mpiga picha wa studio atachukua rangi. Karani wa hesabu atachukua upana, aone safu zote za jedwali lake.

Uchaguzi huo haukuwa wa mapambo. Ulikuwa uamuzi wa kazi, na fundi aliyeufanya kwa kumuuliza mteja shughuli yake alikuwa fundi kweli.

Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, mambo hayo yaliingia ndani ya menyu. Katika mashine za Kifaransa njia ilikuwa ileile, na vijana wa Lubumbashi waliijua hata kabla ya kujua maana ya kila neno: Poste de travail, kitufe cha kulia, Propriétés. Hapo iliandikwa kumbukumbu kwa Mo, yaani megaokte, ambayo Mtanzania na Mkenya wanaiona kama MB. Kwa kioo ilikuwa Affichage. Ukibadilisha ukubwa wa picha, mashine ilikupa sekunde 15 kuthibitisha. Usipojibu ilirudi ilikokuwa. Sekunde hizo 15 zilikuwa za huruma, kwa sababu kioo cha zamani kikipelekewa picha kisichoiweza kilizima au kilijaa michirizi, na mtu asingeona hata mahali pa kubonyeza. Ikishindikana kabisa, kulikuwa na Mode sans échec: bonyeza F8 mashine inapoamka, nayo inarudi kwenye nukta 640 kwa 480 na rangi 16, lugha ya zamani ambayo karibu kila kioo kinaielewa.

Hapo ndipo kukosekana kwa diski za draiva, programu zinazoiwezesha mashine kuitambua kadi yake, kulipouma. Mashine iliyofutwa na kuwekewa Windows upya kabla ya kutoka Ulaya ilifika ikiwa na picha hiyo ya rangi 16, herufi kubwa kama za kibao cha dukani, na mnunuzi akadhani kioo kimeharibika. Kioo kilikuwa kizima. Mashine ndiyo ilikuwa imesahau jina la kadi yake. Fundi alifungua boksi, akasoma maandishi kwenye chipu kwa tochi, kisha akatafuta draiva yake.

Dhana nyingine mbaya ilienea baada ya mwaka 1999, Intel ilipotoa chipu ya 810, ambayo haikuwa na kadi ya kioo ya pembeni. Kioo kilikopa kutoka kwenye bareti. Mtu alinunua mashine ya Mo 128, akafungua Propriétés, akakuta namba pungufu ya hiyo, akarudi dukani akilalamika kwamba amepunjwa. Muuzaji hakuwa ameiba. Megabaiti zilizokosekana zilikuwa mbele ya macho yake, zikichora dirisha lililompa habari hiyo. Ukuta uliojengwa mwaka 1981 kati ya kumbukumbu na kioo ulikuwa umevunjwa, na majirani wakawa wanakula sahani moja. Katika mashine ya Windows XP, iliyodai Mo 64 kwa uchache na kupendekeza 128, mlo huo uliokopwa ulionekana: kila kitu kilichelewa. Tiba ilikuwa kuingia kwenye biosi na kupunguza sehemu ya kioo, au kuongeza bareti.

Njia za mashine hizi kuja Afrika zilikuwa nyingi, kuanzia makontena ya wafanyabiashara hadi mashirika kama Computer Aid International la London, lililoanzishwa katika miaka ya 1990, na Close the Gap la Ubelgiji, lililoanza 2003. Serikali nazo hazikuwa na msimamo mmoja. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, zuio ambalo liliuchelewesha ufundi huu kwa miaka mingi. Baadaye Dar es Salaam ililipa deni hilo kwa namna ya kuheshimika: mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Uswidi ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, mwaka 2004. Katiba ya Kongo ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, lakini kompyuta za Lubumbashi ziliendelea kusema Kifaransa. Hata leo kijana anayesoma kwenye shule ya Wasalesiani ya ESIS Salama hujifunza mashine kwa Kifaransa na kuieleza nyumbani kwa Kiswahili.

Kuna upande mwingine wa habari hii unaoihusu Mitwaba kwa karibu zaidi, na hauonekani mpaka bareti ishikwe mkononi na kugeuzwa.

Kila chipu kwenye kibao hicho imeshikiliwa kwa matone madogo ya metali. Matone hayo ni ya bati. Katika kompyuta za kabla ya 2006, mchanganyiko wa kawaida ulikuwa asilimia 63 bati na asilimia 37 risasi, unaoyeyuka kwenye nyuzi 183. Umoja wa Ulaya ukakataza risasi katika vifaa vya elektroniki kuanzia tarehe 1 Julai 2006, mwezi uleule ambao Wakongo walikwenda kupiga kura. Mchanganyiko mpya uliotumiwa sana una bati asilimia 96.5. Dunia ikahitaji bati zaidi. Karibu nusu ya bati yote inayotumika duniani huishia kwenye kuunganisha vifaa kama hivi, na mawe inamotoka, kasiteriti, yamechimbwa katika milima ya Mitwaba na Manono tangu enzi za ukoloni, zamani na makampuni, sasa na wachimbaji wadogo kwa sururu na koleo. Marekani ilitunga sheria ya madini ya migogoro mwaka 2010. Mwaka uliofuata magunia ya kasiteriti ya Katanga yakaanza kufungwa lebo zenye namba, ili mnunuzi wa mbali ajue mawe yametoka wapi. Kwa hiyo Mitwaba ilikuwa ndani ya biashara ya kompyuta muda mrefu kabla ya kuona kioo cha kompyuta. Mtu anayeichukulia kama pembe ya nchi iliyochelewa kufikiwa na teknolojia anaangalia mwisho mmoja tu wa barabara.

Tarehe 30 Desemba 2018 kioo kilirudi, safari hii bila kibodi. Tume ya uchaguzi ilileta zaidi ya mashine 100,000 za kupigia kura kutoka Korea ya Kusini, na mpiga kura akagusa namba ya mgombea, akaona picha yake, akathibitisha, karatasi ikatoka. Kulikuwa na ubishi mkali kuhusu mashine hizo, na wapo waliozikataa mpaka mwisho. Lakini ndani ya chumba cha kura hapakuwa na mtu wa kuuliza kumbukumbu ni kiasi gani au kioo kina nukta ngapi. Mashine ilikuwa imefungwa. Simu za mkononi nazo ziko hivyo: bareti haichomolewi, kifutio hakina kazi, na kizazi kinachokua hakina sababu ya kujua mlio mmoja mrefu na miwili mifupi unamaanisha nini.

Ujuzi huo bado unahitajika, na kwa haraka. Katika ofisi za teritware, parokia, zahanati na shule kuna kompyuta za zamani zilizosukumwa pembeni kwa sababu kioo kimekuwa giza au mashine imekataa kuamka. Ndani ya nyingi kati ya hizo huenda diski bado ni nzima, na kilichoandikwa humo katika miaka ile ya vita na uchaguzi huenda hakipo kwenye karatasi yoyote. Mara nyingi kinachozizuia ni bareti chafu au kioo kilichoombwa picha kisichoiweza. Aliye na mashine ya namna hiyo asiiuze kwa kilo. Amwite fundi mzee angali hai, aichomoe bareti na kuisafisha, aiwashe kwa F8, na anakili kila faili lililomo kabla diski nayo haijafa.